Kasongo na Kabambare: Kinga ya jua isiishie kwenye vioo vya jeep

Kila mara jeep yenye vioo vyeusi inapopita katikati ya Kasongo, maneno ya watu ni yale yale: ndani kuna mkubwa. Kioo cheusi kimekuwa alama ya cheo, ya pesa, na wakati mwingine ya woga. Polisi wanakitazama kama maficho. Vijana wanakitazama kama heshima. Wachache sana wanakitazama kama kitu cha afya, na hata hivyo ni hapo ndipo kina faida ya kweli, kwa sababu filamu nzuri iliyobandikwa juu ya kioo cha gari inaweza kuzuia karibu miale yote ya jua inayoharibu ngozi.

Jambo hilo ni la kweli na linafaa kuelezwa wazi. Lakini likishaelezwa linaleta ulizo jingine, gumu zaidi, kwa viongozi na kwa familia za kusini mwa Maniema. Wale wanaopigwa na jua kuliko wote katika mitaa ya Kasongo na Kabambare hawakai nyuma ya kioo chochote. Wako juu ya pikipiki, juu ya kinga, mashambani, sokoni, kwenye machimbo ya zahabu, katika uwanja wa shule. Na kati yao kuna watu ambao kwao jua ni swala la kufa na kupona: watu wenye ualbino.

Ikiwa kuna pesa na akili ya kuweka kinga katika vioo vya gari, basi inapaswa kuwepo pesa na akili ya kuweka kinga kati ya jua na mtoto albino wa Wamaza, wa Lusangi ama wa Kunda.

Kioo kinazuia nini, na kinaacha nini?

Jua linaleta miale ya aina nyingi. Ile inayosumbua ngozi inaitwa UV, na inayofika chini iko ya aina mbili. UVB ndiyo inayounguza ngozi upesi, hata ikawa nyekundu na kutoka malengelenge. UVA inaingia ndani zaidi ya ngozi, haiumizi siku ile ile, lakini inaikunja, inaizeesha, na inachangia kansa. Zote mbili zinaharibu macho pia.

Kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya UVB. Ndiyo sababu mtu aliyefunga dirisha la gari haungui haraka. Lakini UVA inapita. Parabrize, yaani kioo kikubwa cha mbele, ni afadhali, kwa sababu imetengenezwa na vipande viwili vya kioo vyenye plastiki katikati, na plastiki hiyo inakamata UVA. Vioo vya pembeni mara nyingi ni kipande kimoja tu. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2016, ambamo magari 29 yalipimwa, ulionyesha kwamba parabrize ilizuia UVA kwa kadiri ya asilimia 96, lakini vioo vya pembeni vilizuia asilimia 71 tu, na vingine vilishuka mpaka 44.

Matokeo yake yalionekana usoni mwa dereva mmoja wa Chicago. Mwaka 2012, jarida kubwa la waganga la New England Journal of Medicine lilitoa picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ule uliokuwa karibu na kioo cha mlango, ulikuwa na makunyanzi mazito kama ya mtu mzee zaidi kwa miaka mingi. Upande wa kuume ulikuwa wa kawaida. Uso mmoja, umri mbili, na tofauti ilikuwa jua la dirishani.

Hapo ndipo filamu inaingia. Ni karatasi nyembamba ya plastiki, ndani yake mna dawa inayomeza miale ya UV. Iliyo nzuri inazuia UV kwa asilimia 99. Na hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui: weusi si kipimo cha kinga. Kuna filamu nyeupe kabisa, unayoweza kuona kupitia kwayo kama vile hakuna kitu, lakini inazuia UV karibu yote. Na kuna filamu nyeusi ya bei ya chini ambayo ni rangi tu: inapunguza mwangaza, na baada ya muda inageuka kuwa ya zambarau na kutoa mapovu. Anayetafuta kuficha uso atanunua weusi. Anayetafuta kulinda ngozi hana lazima ya weusi hata kidogo.

Kwa hiyo mabishano kati ya usalama na afya hayana msingi. Polisi wana haki ya kutaka kuona nani yuko ndani ya gari, hasa katika jimbo ambalo limejua vikundi vyenye silaha kwa miaka mingi. Dereva pia ana lazima ya kuona barabara: usiku, katika matope ya mvua, kioo cheusi cha mbele ni hatari kwa yeye mwenyewe na kwa anayetembea kwa miguu bila taa. Filamu nyeupe inaridhisha pande zote mbili. Nchi nyingine zimeshapata njia ya kati. Ufaransa, tangu Januari 2017, inataka vioo vya mbele vya pembeni viruhusu angalau asilimia 70 ya mwangaza, lakini inaachilia wagonjwa ambao ngozi yao haivumilii jua. Sheria ya Nijeria ya mwaka 1991 juu ya vioo vyeusi nayo inakubali ruhusa kwa sababu za afya. Kongo ingeweza kuandika jambo hilo kwa mistari miwili: filamu inayoonyesha ndani isihesabiwe kuwa kosa, na mtu mwenye karatasi ya muganga asisumbuliwe kwenye kizuizi.

Jua la Maniema halikai nyuma ya kioo

Baada ya kusema hayo, inafaa kutazama barabara jinsi ilivyo.

Filamu inafanya kazi kioo kikiwa kimefungwa. Katika malori na magari ya zamani yanayotoka Kindu ama Kivu ya Kusini, hewa ya baridi iliisha kufa zamani, ama haikuwepo kamwe. Dereva anashusha kioo, anaweka kiwiko nje, na jua linampiga mkono na shavu bila kizuizi chochote. Magari mengi ya mashariki mwa Kongo yana usukani upande wa kuume, kwa sababu yametoka Japani kupitia Dubai ama Dar es Salaam. Kwa hiyo mkono unaoungua ni wa kuume, si wa kushoto kama ule wa mzee wa Chicago. Kwa dereva huyo, shati la mikono mirefu lina faida kuliko filamu ya bei yoyote.

Na huyo bado ana paa juu ya kichwa. Kusini mwa Maniema, safari ya kawaida ni pikipiki. Mama mjamzito anaipanda kwenda hospitali, mwalimu anaipanda kwenda kuchukua mshahara, mchuuzi anaipanda na mafuta ya mawese na mchele. Mtoto anawekwa katikati ya watu wazima wawili, uso na miguu nje. Saa nyingi zinapita hivyo. Upepo wa mwendo unadanganya: mtu anasikia baridi, kumbe miale inaendelea kumpiga. Joto na UV ni vitu viwili tofauti. Hata mawingu hayazuii yote. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaeleza kwamba hadi asilimia 80 ya UV inaweza kupita katika mawingu mepesi.

Kasongo na Kabambare ziko chini kidogo ya mstari wa ikweta, kati ya nyuzi 4 na 5 za kusini. Hapa jua linasimama karibu na utosi mwaka mzima. Hakuna msimu ambao linalegea kweli, kiangazi ama mvua. Kadiri ya asilimia 60 ya UV ya siku inashuka kati ya saa nne za asubuhi na saa nane za mchana. Kipimo chake hakihitaji mashine: mtu asimame na atazame kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali na inafaa kujifunika ama kutafuta kivuli.

Wengi watajibu kwamba ngozi nyeusi haina shida na jua. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Rangi ya ngozi, melanini, ni kinga ambayo Mungu amewapa watu wa nchi za jua. Utafiti wa zamani uliipima ngozi nyeusi na kukuta inakinga UVB kwa kadiri ya mara 13, na ngozi nyeupe kwa mara 3 tu. Ndiyo sababu kansa ya ngozi inayoletwa na jua ni adimu kwa watu weusi. Lakini kinga hiyo haifuniki macho, ambayo yanaweza kupata mtoto wa jicho. Haizuii madoa meusi usoni kwa wamama. Na inapungua kwa yule anayejipaka mafuta ya kung'arisha ngozi, yenye hidrokinoni ama zebaki. Mtu huyo analipa pesa kwa kuondoa kinga aliyozaliwa nayo, kisha anasimama sokoni saa sita mchana.

Wale ambao hawana kinga hata kidogo

Mtu mwenye ualbino anazaliwa bila melanini, ama akiwa nayo kidogo sana. Si laana, si kosa la mama, si alama ya uzinzi kama minong'ono inavyosema katika vijiji. Ni urithi: baba na mama, wote wawili weusi, kila mmoja anabeba mbegu moja ya ualbino bila kujua, na mtoto anachukua zote mbili. Kila mimba ya wazazi kama hao ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto albino. Katika Afrika, makadirio mengi yanasema mtu mmoja kati ya 5.000 hadi 15.000, katika sehemu kadhaa, kama Tanzania, ni wengi zaidi.

Kwa mtoto huyo, jua ambalo ndugu zake wanacheza ndani yake linaanza kuharibu ngozi katika miaka ya kwanza ya maisha. Kwanza inaungua. Kisha inakauka, inapata madoa, inapasuka. Baadaye kinatokea kidonda kidogo kwenye sikio, kwenye mdomo, kwenye shingo, ambacho hakiponi. Familia inatia dawa za kienyeji, inangoja. Kidonda kinakua. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa imeeleza kwamba katika nchi kadhaa za Afrika watu wengi wenye ualbino wanakufa kwa kansa ya ngozi kati ya miaka 30 na 40. Ni kansa inayoweza kuzuilika, na ikionekana mapema inaondolewa kwa upasuaji mdogo. Ikichelewa, inataka hospitali kubwa za mbali, na kwa mtu wa Salamabila ama wa Lusangi umbali huo ni hukumu.

Macho yao pia ni dhaifu. Mwangaza unawachoma, na hawaoni mbali. Hapo shule inaongeza shida. Madarasa mengi ya Kasongo na Kabambare hayana vioo vya kubandika filamu: ni tundu katika ukuta wa matofali, ama dirisha la mbao. Mwalimu mwema anamweka mtoto albino mbele, karibu na dirisha, ili aone ubao. Bila kujua, amemweka katika jua. Wengine wanamwambia avue kofia, kwa sababu kanuni ya shule inakataza kofia darasani. Na siku za sherehe, kama tarehe 30 Aprili ya elimu ama tarehe 30 Juni ya uhuru, watoto wanapangwa mstari katika uwanja kungoja viongozi wanaochelewa. Viongozi wanafika ndani ya jeep yenye vioo vyeusi, wanakaa chini ya hema. Mtoto mwenye ngozi isiyo na kinga anabaki nje.

Hakuna picha inayoeleza vizuri zaidi kwamba kinga ya jua katika nchi hii imegawanywa kwa kufuata cheo, wala si haja.

Pesa haitoshi kuwa sababu

Kuna sauti zitakazosema: kuna malaria, kuna surua, kuna kipindupindu, kuna vita na watu waliokimbia vijiji vyao. Nani ana wakati wa jua? Hoja hiyo ni nzito, na hakuna anayeomba kwamba pesa ya chanjo inunue kofia. Lakini kinga ya jua kwa sehemu kubwa haitaki pesa ya chanjo. Inataka kitambaa, miti, saa, na maelezo.

Kitambaa kipo. Kasongo ni mji wa kanzu na kofia, na wamama wake wanajua kujifunika kitenge na mtandio tangu zamani za misafara. Vazi refu la kufunika mikono na miguu ni kinga bora kuliko mafuta mengi ya dukani, kwa sharti moja: kitambaa kiwe kizito na kimefumwa kwa kubanana. Kinyanyuliwe kuelekea jua. Mwangaza ukipita, miale nayo inapita. Fulana nyepesi nyeupe inakinga kidogo, na ikilowa jasho inakinga kidogo zaidi. Kofia ya kanzu haifuniki masikio wala shingo, na ile ya vijana yenye mdomo wa mbele inaacha masikio nje, mahali hasa ambapo kansa inapenda kuanzia. Kofia inayofaa ina ukingo mpana wa kuzunguka kichwa chote, wa sentimita 7 ama 8. Washonaji wa soko la Kasongo wanaweza kuishona kwa mabaki ya kitenge. Parokia, msikiti ama chama cha wamama kinaweza kulipa kumi kwa siku moja ya mchango.

Miti ipo. Mwembe mmoja katika uwanja wa shule unafaa kuliko hotuba. Saa zipo: kazi ya shamba ya mtoto albino inaweza kuwa ya alfajiri na ya jioni, na katikati ya siku apewe kazi ya ndani. Na kazi ya maisha ichaguliwe kwa akili: ushonaji, ofisi, duka, ualimu, redio. Kumpeleka kijana albino kwenye machimbo ya Namoya ama kumpa pikipiki ya kubeba watu ni kumfupishia siku.

Kinachotaka pesa ni mafuta ya kujikinga na jua. Hapo mfano uko jirani. Katika mji wa Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho karibu na hospitali ya KCMC, mafuta yanayoitwa Kilisun yametengenezwa tangu miaka ya mwanzo ya 2010 kwa ajili ya watu wenye ualbino, na yanagawanywa pamoja na mafundisho na uchunguzi wa ngozi. Mfamasia Mhispania Mafalda Soto ndiye aliyeanzisha kazi hiyo. Kenya nayo, kupitia Baraza la Taifa la watu wenye ulemavu, imeweka mafuta hayo katika bajeti ya serikali na kuyatoa bure katika hospitali. Ni nchi za Afrika Mashariki, zenye matatizo yao, si Ulaya.

Tena, Septemba 2025, OMS iliingiza mafuta ya kujikinga na jua katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa ajili ya watu wenye ualbino na wale wenye ugonjwa wa ngozi unaoitwa xeroderma pigmentosum. Maana yake ni kwamba hakuna tena kiongozi wa afya anayeweza kuyaita urembo. Ni dawa, kama zilivyo dawa za malaria.

Kasongo imeshafundisha wengine

Wanaosema kwamba jambo hili haliwezekani katika mji wa mbali kama Kasongo wamesahau historia ya Kasongo yenyewe. Katika miaka ya 1970, Kasongo ilikuwa mahali ambapo waganga Wakongo pamoja na wale wa Chuo cha Magonjwa ya Kitropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu njia mpya: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja kuu ya kupokea wagonjwa wazito. Mradi wa Kasongo ulisomwa katika vyuo vya dunia nzima. Mwaka 1981 matokeo yake juu ya chanjo ya surua yalitoka katika jarida la The Lancet. Maeneo ya afya ambayo leo yako Kongo nzima yana damu moja na kazi hiyo.

Njia ile ile inafaa leo. Muuguzi wa kituo cha afya anajua kila familia. Anaweza kuandika jina la kila mtoto albino siku ya chanjo yake ya kwanza, kumwonyesha mama namna ya kumfunika, kutazama ngozi yake kila miezi mitatu, na kumtuma hospitalini kila mwenye kidonda kisichopona kwa wiki nne. Hiyo haitaki jengo jipya. Inataka ukurasa mmoja katika daftari na siku moja ya mafunzo.

Sheria nayo iko. Kipengele cha 49 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna inayofaa mahitaji yake. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imefafanua haki hizo. Umoja wa Afrika una mpango wake juu ya ualbino wa mwaka 2021 hadi 2031. Karatasi zimejaa Kinshasa na Addis Ababa. Kinachokosekana ni chupa ya mafuta katika kabati la kituo cha Wamaza.

Kwa hiyo mambo ya kuomba ni machache na yanajulikana.

Wizara ya afya ya jimbo la Maniema na wakubwa wa maeneo ya afya ya Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila waweke mafuta ya jua katika dawa wanazoagiza, hata kama ni katoni moja kwa kuanza, na wahesabu watu wenye ualbino walio katika maeneo yao. Bila hesabu, hakuna bajeti.

Wakubwa wa shule waruhusu kofia na mikono mirefu kwa wanafunzi wenye ualbino, darasani na nje, na wawaweke mbele ya ubao lakini mbali na jua la dirishani. Siku za sherehe, hema liwe la watoto hao kabla ya kuwa la wageni.

Mashirika yenye jeep, ya serikali na ya misaada, yaweke filamu nyeupe ya kuzuia UV katika ambulansi na magari yanayobeba wagonjwa, na yampe nafasi ndani ya gari mtu albino anayesafiri kwenda hospitali. Kumpandisha nyuma ya pikipiki mtu anayekwenda kutibiwa kansa ya ngozi, saa sita mchana, ni kumrudisha katika ugonjwa wake. Polisi wa barabara nao wajifunze kutofautisha filamu ya kukinga na kioo cha kuficha.

Na familia zisingoje yeyote. Kofia pana, nguo nzito, kivuli kati ya saa nne na saa nane, macho juu ya kila kidonda: hayo yanaanza leo, bila ruhusa ya liwali.

Zamani, misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe ikiwa na vitambaa. Njia hiyo ilileta mabaya mengi, na biashara ya watumwa ni moja ambayo Maniema haiwezi kuisahau. Lakini njia ipo bado, na bidhaa za Tanzania zinavuka ziwa kila wiki kufika Kalemie na Uvira, sabuni na simenti, sahani na sukari. Katoni ya mafuta ya jua haina uzito kuliko mfuko wa sukari. Ikiwa haijafika Kabambare, si kwa sababu barabara ni mbaya. Ni kwa sababu hakuna aliyeiagiza.